Kibwebwe Nacho Hufunguliwa

Msikilizaji wangu, saa hizi najua mko sehemu mbalimbali. Yuko aliyekaa kando ya jiko la mkaa anapepea, na maharage bado magumu. Yuko aliyeshika usukani na foleni haisogei. Yuko mlinzi aliyeingia zamu sasa hivi, redio yake ndogo ameiegesha dirishani. Na yuko mmoja, sijui wapi, ambaye muda mfupi uliopita ameulizwa hujambo, akajibu sijambo, namshukuru Mungu, na huku kifuani amebeba gunia. Leo nataka kuzungumza na huyo mmoja. Ninyi wengine msiende mbali, maana huenda mnaishi naye nyumba moja.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Sioni haki ya kumwambia mtu afunguke nami nimejifungia ndani.

Baba yangu alifariki miaka michache iliyopita. Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza akifiwa hapewi nafasi ya kufiwa. Anapewa daftari. Turubai limetoka wapi, sufuria kubwa zimekodiwa kwa nani, mchele kilo ngapi, nani kaleta rambirambi na nani kaahidi. Shangazi zangu walinizunguka uani wakaniambia, kwa mapenzi yote: jikaze mama, ukilia wewe wadogo zako watamtazama nani? Jifunge kibwebwe. Nikajifunga. Hitima ikasomwa siku ya tatu, wageni wakatawanyika, siku ya tano nikawa kazini, nimevaa vizuri, nasoma matangazo kwa sauti ileile mnayoijua. Hakuna aliyeniona nimebadilika. Nami nikajisifu kwa hilo.

Mama yangu alibaki ndani anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wakati ule nilimwonea huruma, nikidhani yeye ndiye aliyefungiwa na mimi ndiye niliye huru. Leo nahesabu tofauti. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4. Sisemi kwamba sheria hiyo ni mbaya, maana ofisi nazo lazima ziende. Nasema tu kwamba mama alihesabiwa karibu siku 130 za kukaa na msiba wake. Mimi, niliyefiwa na mtu yuleyule, nilihesabiwa siku 4, na hizo zenyewe nilizimalizia kwenye sufuria.

Kilichofuata wengi wenu mtakitambua. Nilianza kuamka saa nane za usiku, macho makavu, nikasikiliza feni mpaka alfajiri. Chakula kikawa hakina ladha, nakula kwa sababu muda wa kula umefika. Mwanangu alivunja bilauri, bilauri ya kawaida ya dukani, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Kazini waliniuliza, nikasema niko sawa, nimechoka tu. Na chini ya kitanda changu lilikaa sanduku la bati la baba, nguo zake na vitu vyake vidogo vidogo, ambalo nilikubali kulitunza na sikuligusa. Nilikuwa nafagia nikilizunguka. Miezi sita nilifagia hivyo.

Siku moja nilikwenda kwa bibi jirani kumrudishia sinia lake, lililobaki kwetu tangu arobaini. Nikamkuta kibarazani anachagua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikasema nina haraka. Hakunijibu. Alimwaga nusu ya mchele kwenye lile sinia nililomrudishia, akalisogeza mbele yangu. Basi nikakaa, nikaanza kutoa chuya. Tulichagua kimya kwa muda. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake, akasema: "Tangu baba yako azikwe sijakusikia ukilia. Hicho kibwebwe hujakifungua mpaka leo?"

Msikilizaji, nililia juu ya mchele wa watu.

Neno lile la kibwebwe nimelibeba tangu siku hiyo. Sote tunajua kibwebwe ni nini. Ni khanga au kitambaa anachokizungusha mwanamke kiunoni, akakikaza, anapokwenda kutwanga, kulima au kuingia kwenye ngoma. Kinashika kiuno, kinampa nguvu. Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kulala na kibwebwe. Kazi ikiisha hukifungua, akajinyoosha, akavuta pumzi. Waliotuachia msemo wa kujifunga kibwebwe walikuwa wanakifungua kila jioni, wala hawakuona haja ya kutuambia. Sisi tumerithi nusu ya kwanza ya mambo. Tazama jinsi tunavyofarijiana: jikaze, kaza moyo, piga moyo konde, vumilia, mwanaume halii. Yote ni maneno ya kukaza. Ni maneno mazuri siku ya tukio lenyewe, kwa maana bila hayo watu wasingezikwa na watoto wasingelishwa. Shida inaanza siku ya arobaini na moja, wakati kazi imekwisha na mtu bado amekazwa.

Baadaye niligundua kwamba ndugu zetu Washona wa Zimbabwe wana neno la hali hii, na kwa sikio la Mswahili ni neno la kushangaza. Wanaiita kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kile kiambishi cha mwisho kinazidisha, kwa hiyo kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, kufikiri mpaka kufikiri kwenyewe kukawa ugonjwa. Ni lile tunalolisema sisi tunaposema fulani ana mawazo. Hatumaanishi ana fikra nzuri, tunamaanisha hali wala halali. Lakini mimi kila nikilisikia neno hilo, sikio langu la Kiswahili linasikia kufunga: kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga kibwebwe, kisha kuzidisha. Maana mbili za lugha mbili zimekutana mahali pamoja, na zote mbili ni kweli. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa ya akili, neno kufungisisa lilikuwamo, limeandikwa kwa Kishona chake.

Na ni Zimbabwe hukohuko ambako watu walitafuta namna ya kufungua. Kisa hicho nakipenda, niruhusuni nikae nacho kidogo.

Mwaka 2005, daktari wa akili anayeitwa Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejitoa uhai. Binti yule alitakiwa aletwe hospitali. Familia yake haikumleta kwa sababu haikuwa na nauli ya basi, dola 15. Dakta Chibanda ameieleza habari hiyo hadharani mara nyingi, na ukimsikiliza unaona kwamba nauli ile haijamtoka moyoni. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole, na watu milioni kadhaa waliokuwa wametoka kubomolewa nyumba, kufiwa, kukosa kazi. Angewapata wapi wasaidizi? Aliambiwa hakuna wauguzi wa kumpa na hakuna vyumba. Walikuwepo bibi. Kule Mbare, mtaa wa zamani wa Harare, walikuwepo bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika shughuli za afya za jamii. Mwaka 2006 alianza nao. Na kwa kuwa hapakuwa na chumba, walikaa nje, kwenye benchi la mbao chini ya mti, katika uwanja wa kliniki.

Mwanzoni benchi hilo lilitajwa kwa jina la afya ya akili, na watu hawakutaka kulikalia. Nani akubali kuonekana na majirani amekaa kwenye benchi la wenye matatizo ya akili? Bibi wale ndio waliosema jina libadilishwe, liitwe Benchi la Urafiki. Jina likabadilika, watu wakaja. Napenda kufikiri kwamba yule daktari alijifunza siku hiyo kitu ambacho chuo hakikumfundisha.

Bibi hawa hawana shahada. Wamefundishwa kazi maalumu, tena wanasimamiwa, na wanachokifanya kina hatua tatu zenye majina ya Kishona. Ya kwanza ni kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Mtu anakaa, anasema yote, na bibi anasikiliza. Hapo hakuna haraka. Yote yakishasemwa, bibi hamshauri. Anamuuliza: katika haya yote, ni lipi tuanze nalo? Mtu huchagua moja. Kisha anaulizwa yeye mwenyewe anaona afanye nini, jambo dogo, litakalowezekana kabla hawajaonana tena. Hatua ya pili, kusimudzira, ni kuinua. Ya tatu, kusimbisa, ni kutia nguvu. Kwa Kishona simba ni nguvu, na sisi tunajua kwa nini neno hilo linatupendeza.

Je, inasaidia kweli, au ni maneno ya kufurahisha tu? Waliipima. Katika kliniki 24 za Harare waliwachukua watu 573 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Nusu ya kliniki zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, nusu nyingine zikatoa benchi. Baada ya miezi sita, kwa upande wa huduma ya kawaida karibu nusu ya watu bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa upande wa benchi walikuwa kama 14 katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani. Benchi zimesafiri tangu hapo. Zimefika Malawi, zimefika Zanzibar, zimefika hata New York, mji wenye madaktari wa akili kila kona, na ambako inaonekana watu nao walikuwa wanatafuta mahali pa kukaa.

Nimesema sonona. Wapo wanaolisikia neno hili kwa mara ya kwanza na kudhani limetengenezwa ofisini. Hapana, kusonona ni neno letu la zamani, ni kuhuzunika kwa ndani, huzuni isiyotoka nje. Bibi wa Kiswahili alilijua kabla ya daktari.

Uganda nao wanalo la kutufundisha. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limechomwa vibaya na ukimwi, watafiti walianza kwa kuwauliza watu wenyewe wanaiitaje hali hii. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja la mtu anayejichukia na jingine la mtu anayejihurumia mpaka anaishiwa nguvu. Wakaunda makundi, wanawake kwao na wanaume kwao, yaliyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, chini ya mtu wa palepale aliyefundishwa. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyobadilika ghafla. Dalili zilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na makundi. Kinachonigusa mimi ni kwamba wiki 16 zilipokwisha na watafiti wakaondoka, makundi mengi yaliendelea kukutana yenyewe.

Sasa rudi nami kwenye kibaraza cha bibi jirani. Yeye hakuwahi kusikia habari za Harare. Lakini tazama alichokifanya: alinipa kazi ya mikono. Kule Zimbabwe, aliyemaliza vikao vya benchi hualikwa kwenye duara la wenzake, nao hukaa wakisuka mifuko kwa plastiki zilizookotwa huku wakizungumza. Mikono ikiwa na kazi, macho yana mahali pa kutazama, na mdomo unapata ujasiri. Ndiyo maana shoga wawili hufunguliana mengi wakimenya muhogo kuliko wakikaa kwenye makochi wakitazamana. Ndiyo maana baba anayetaka kumjua kijana wake afadhali amwite wakafunge paa la banda la kuku pamoja kuliko amwite sebuleni amwambie kaa hapo tuongee. Kwa wanaume hasa, nasisitiza hili. Kaka yangu, ndugu yako aliyenyamaza ghafla, usimuulize mbele ya watu ana tatizo gani. Mwombe akusaidie kubadilisha mnyororo wa pikipiki. Kisha usiseme sana.

Na chuya, msikilizaji. Mchele ukiwa na chuya huumwagi wote. Unatoa moja, unatoa nyingine. Bibi aliponiuliza, "Mwanangu, katika hayo yote, linalokunyima usingizi ni lipi hasa?" nilidhani nitasema ni kifo cha baba. Ulimi ukasema sanduku. Nilistaajabu. Kifo cha baba siwezi kukifanya lolote. Sanduku nalo lina kufuli na funguo ninazo.

Kabla sijawaambia habari ya sanduku, niseme kidogo juu ya mwili, kwa sababu moyo haukai hewani, unakaa mwilini.

Wanawake wa nyumbani, nianze na ninyi. Mnapakua. Baba wa nyumba, watoto, mgeni aliyetokea, kijana wa jirani aliyekuja kuchaji simu. Kisha mnakula ukoko mmesimama. Tumeufanya ukoko kuwa cheti cha mama mwema. Leo jipakulie sahani yako mapema, ifunike, uiweke pembeni, kisha pakulia wengine. Hakuna atakayelala njaa. Kujitunza si kununua kitu wala kwenda mahali pa gharama. Ni kujihesabu miongoni mwa watu wa nyumba yako.

Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku, na anayepata nne kwa miezi hawezi kujua kama ana huzuni au amechoka, kwa kuwa mambo hayo mawili huvaa nguo moja. Mimi nilitoa simu chumbani. Nilinunua saa ya mezani ya kuniamsha na simu ikalala sebuleni. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaitafuta gizani.

Na pumzi. Kiswahili kimeliweka neno pumzi ndani ya neno kupumzika, tena waziwazi. Ukikaa dakika tano mlangoni, ukavuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, umeshaanza kupumzika, hata kama kazi hazijaisha. Tembea pia. Asubuhi jua likiwa bado changa, shuka kituo kimoja kabla ya chako, malizia kwa miguu.

Kuna jambo jingine la kujitunza ambalo watu hawalisemi: michango. Simu inalia, mtu anaanza na "habari za siku nyingi", na moyo wako unashtuka kabla hajafika kwenye shida. Harusi, kitchen party, ada ya mtoto wa binamu, kundi jipya la WhatsApp lenye orodha ya ahadi na jina lako limeshaandikwa. Sisi ni watu wa kusaidiana na sitaki tuache. Lakini nimejifunza kusema: safari hii sina, nitakuja kukuosheeni vyombo. Niliyemwambia hivyo mara ya kwanza alikasirika siku mbili, siku ya tatu akanipigia kuniuliza nitafika saa ngapi.

Kwa yule asiye na bibi wa kibarazani, asiye na mtu kabisa, liko daftari. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake, huko Texas, walichapisha matokeo ya utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliwaomba waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana maishani. Wale walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia walitoka pale wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Hilo nalitaja kwa makusudi, usije ukaandika leo, ukalia, ukasema redio imenidanganya. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kufungua kunauma mwanzoni. Ukifungua kibwebwe ulichokaza tangu asubuhi, damu inarudi na ngozi inawasha. Hata mimi usiku ule wa mchele sikulala vizuri. Nililala vizuri wiki ya tatu.

Chochote utakachoandika ni chako. Ukitaka kukichana, kichane.

Sasa nitazungumza taratibu, naomba aliye karibu na redio apunguze kelele. Kama mawazo yako yamefika mahali yanakwambia afadhali usiwepo, hapo usingoje daftari, usingoje asubuhi, na usikae peke yako. Mwamshe mtu. Mwambie kwa maneno yaleyale yaliyo kichwani mwako, usiyapambe. Nendeni wote kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, mseme mmekuja kwa ajili ya hilo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Na wewe unayeamshwa usiku huo, usiseme acha ujinga, usiseme wenzako wana shida kubwa zaidi. Vaa viatu. Kama nauli ndiyo inayokosekana, gonga mlango wa jirani. Mimi tangu niisikie habari ya zile dola 15 siwezi kuiona nauli kuwa jambo dogo.

Wapo pia watakaosema: tatizo langu si huzuni, tatizo langu ni kodi ya nyumba. Nakusikia. Kuongea hakulipi kodi. Lakini nimeona mtu aliyefungwa na mawazo akishindwa hata kwenda kumwomba mwenye nyumba ampe wiki mbili, kwa sababu kichwani mwake amekwishafukuzwa. Bibi wa Harare nao husikia habari za fedha, kwani maskini huzuni yake ina bei na tarehe. Wanachofanya ni kukaa naye mpaka kichwa kikapata nafasi ya hatua moja. Nami naamini hiyo ndiyo maana ya kukua kwa mtu mzima. Mtu mzima haongezeki urefu. Anaongezeka nafasi.

Sanduku, basi. Bibi aliniuliza nitaanzia wapi, nikasema nitamwita mdogo wangu Jumamosi. Ndiyo hayo tu. Nilipomwita, alinyamaza kwenye simu, kisha akasema alikuwa anangoja niseme mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Miezi sita tulikuwa tunangojana.

Jumamosi akaja. Tukatandika mkeka, tukalivuta sanduku kutoka uvunguni, nikafungua. Harufu yake ilitoka kwanza, ile ya sabuni ya mche na tumbaku. Tukaitoa kanzu ya Idi, shati la kijani, miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, betri mbili za redio zilizovuja. Chini kabisa lilikuwepo daftari la madeni la kile kiduka chake. Mdogo wangu akalifungua, akaanza kusoma kwa sauti: fulani, mafuta ya taa chupa moja. Fulani, unga kilo mbili, atalipa mwisho wa mwezi. Wengine tuliwajua, wengine wameshakufa. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena, na yeye anaendelea kusoma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka adhana ya magharibi ikaanza. Mama, ambaye siku hiyo alikuwa kwangu, akatoka chumbani, akaja kukaa nasi mkekani. Akasikiliza jina moja, akainua mkono.

"Huyo wa sukari robo alilipa," akasema. "Baba yenu alisahau kumfuta."